Umeme wa kijani: Nani anathibitisha rangi yake?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA nchi nyingi za Ulaya, mteja wa umeme anaweza kuchagua kampuni inayomwahidi kuwa nyumba yake itatumia 'umeme wa kijani' pekee, yaani umeme uliozalishwa kwa maji, upepo, jua, jotoardhi au mabaki ya mimea. Husaini mkataba, na ankara inayofuata humfikia ikieleza kwamba kila uniti aliyotumia imetokana na nishati jadidifu. Hata hivyo, hakuna fundi anayefika kubadili nyaya zake, na mita hubaki ile ile. Umeme unaowasha taa zake ndio unaowasha pia taa za jirani yake ambaye hakusaini chochote.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewashughulisha watunga sheria, wafanyabiashara na wanamazingira kwa zaidi ya miaka ishirini: Ikiwa umeme hauna rangi wala harufu, na ukishaingia katika gridi hauwezi kutenganishwa, ni nani anayethibitisha kwamba ule uliouzwa kwa jina la kijani ulitoka kweli katika maporomoko ya maji na si katika tanuri la makaa ya mawe?

Swali hilo haliwahusu Wazungu peke yao. Kenya huzalisha zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwa vyanzo jadidifu, ukiwamo mvuke wa ardhini wa Olkaria, ulioanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Tanzania nayo imekamilisha mradi wa Julius Nyerere katika Mto Rufiji, wenye mitambo tisa na uwezo wa megawati 2,115. Nchi za namna hii zina bidhaa mbili mikononi mwake: umeme wenyewe, na haki ya kusema kwamba umeme huo ni safi. Bidhaa ya pili inaweza kuuzwa mbali na ya kwanza, na anayeiuza bila kuelewa anachouza anaweza kubaki na hasara.

Ili kulielewa jambo hili, inafaa kulifikiria Ziwa Victoria. Maji ya Kagera, Mara, Nzoia na mito mingine huingia humo na kuchanganyika. Anayechota ndoo moja pale Mwanza hawezi kusema maji yake yametoka katika mto upi. Gridi ya umeme iko hivyo hivyo. Mitambo ya maji, gesi, upepo na mafuta mazito huingiza nguvu zake katika nyaya zile zile, na mtumiaji huchota mchanganyiko.

Kinachowezekana ni kuhesabu. Anayesimamia mto anaweza kupima kiasi cha maji kilichoingia ziwani kutoka upande wake na kuandika katika daftari. Mtumiaji naye anaweza kupima alichochota. Kama daftari ni moja na linaheshimiwa, basi mtumiaji anaweza kulipia kiasi fulani cha maji ya mto fulani, kikafutwa daftarini, na mtu mwingine asiweze kukidai tena. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mfumo mzima wa kuthibitisha asili ya umeme umejengwa juu ya hekima hiyo.

Cheti kinavyofanya kazi

Umoja wa Ulaya uliweka msingi wa utaratibu huo mwaka 2001, ulipotoa agizo lililozitaka nchi wanachama ziwe na njia ya kuthibitisha asili ya umeme jadidifu ifikapo Oktoba 2003. Agizo la pili la mwaka 2009 liliuimarisha mfumo, na la mwaka 2018 likaufanyia marekebisho zaidi. Nchini Marekani, jimbo la Texas lilikuwa limepitisha mwaka 1999 sheria iliyoweka lengo la nishati jadidifu, na vyeti vikatumika kupima utekelezaji wake.

Kipimo kinachotumika ni megawati-saa moja, sawa na uniti 1,000 za umeme. Kwa Mtanzania anayetumia uniti 75 kwa mwezi, kiasi hicho kinatosha kwa zaidi ya miezi 13. Kila mara mtambo uliosajiliwa unapozalisha megawati-saa moja na mita yake kuthibitisha, msimamizi wa daftari hutoa cheti kimoja. Mtambo mmoja wa Rufiji wenye megawati 235, ukifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa moja, ungestahili vyeti 235.

Cheti hicho si karatasi ya kutundikwa ukutani. Ni kumbukumbu ya kielektroniki yenye namba yake ya pekee. Hutaja chanzo cha nishati, mahali mtambo ulipo, uwezo wake, tarehe ulipoanza kazi, kipindi ambacho umeme ulizalishwa, nchi iliyokitoa, na kama mtambo ulipata ruzuku ya serikali. Kwa wanachama wa Umoja wa Ulaya, cheti huwa halali kwa miezi 12 tangu umeme ulipozalishwa.

Maisha ya cheti yana hatua tatu. Kwanza hutolewa, kisha huhamishwa kutoka kwa mwenye mtambo kwenda kwa mfanyabiashara au kampuni ya umeme, na mwisho hufutwa kwa jina la mtumiaji. Hatua ya kufutwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Cheti kisichofutwa ni bidhaa iliyoko sokoni. Kilichofutwa ni dai lililokwisha kutumika. Kampuni inayojitangaza kwamba hutumia umeme wa kijani ilhali haiwezi kuonyesha vyeti vilivyofutwa kwa jina lake, haina ushahidi.

Nchi moja moja huwa na msimamizi wake. Nchini Ujerumani, kwa mfano, kazi hiyo hufanywa na ofisi ya serikali ya mazingira, ambayo ilifungua daftari lake Januari 2013. Madaftari ya nchi mbalimbali za Ulaya huunganishwa na chama cha watoa vyeti kiitwacho AIB, chenye makao yake Brussels, ili cheti kilichotolewa Norway kiweze kuhamia Ujerumani bila kuacha nakala nyuma.

Mtu na jirani yake

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba cheti na umeme husafiri njia mbili tofauti. Mwenye bwawa anaweza kuwauzia umeme wananchi walio jirani naye, kisha akamuuzia cheti mfanyabiashara aliye nchi nyingine. Kisheria, aliyenunua cheti ndiye mwenye haki ya kusema ametumia maji ya bwawa lile. Jirani aliyebaki na umeme mtupu hana haki hiyo tena.

Norway ndiyo mfano unaotajwa zaidi. Karibu umeme wote unaozalishwa nchini humo hutokana na maji na upepo. Lakini kwa kuwa sehemu kubwa ya vyeti huuzwa nje, taarifa rasmi ambazo mamlaka ya nishati ya nchi hiyo hutoa kila mwaka hulazimika kumhesabia mtumiaji asiye na cheti mchanganyiko wa umeme wa Ulaya, wenye makaa ya mawe, gesi na nyuklia ndani yake. Hivyo mtu anayeliona bwawa kutoka dirishani kwake huambiwa kwamba, kwa mujibu wa hesabu, umeme wake kwa sehemu kubwa si jadidifu.

Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa kichekesho, lakini mantiki yake haina kasoro. Kama mnunuzi wa Ujerumani amelipia sifa ya kijani na mwananchi wa Norway akaendelea kuidai bure, uniti moja itakuwa imehesabiwa mara mbili, na jumla ya umeme safi katika vitabu itazidi ule uliozalishwa kweli.

Hatari hiyo ilijitokeza wazi Iceland. Kisiwa hicho hupata karibu umeme wake wote kutoka kwa maji na jotoardhi, na hakina waya wa umeme unaokiunganisha na bara la Ulaya. Hata hivyo, vyeti vyake vimekuwa vikiuzwa barani. Aprili 2023, AIB ilisimamisha uhamishaji wa vyeti kutoka Iceland kwa hofu kwamba watumiaji wakubwa wa umeme kisiwani humo walikuwa wakijitangaza kuwa wanatumia umeme jadidifu bila kufuta vyeti, wakati vyeti vya umeme huo huo vilikuwa vimeuzwa nje. Zuio hilo liliondolewa wiki chache baadaye, lakini lilikwisha kuonyesha kwamba daftari zuri halisaidii kitu ikiwa wanaojitangaza hawalisomi.

Ujerumani imechagua njia ya kujihadhari zaidi. Mtambo unaolipwa ruzuku ya nishati jadidifu kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo haupewi cheti cha kuuzwa, kwa hoja kwamba wananchi walioigharimia ruzuku hiyo ndio wenye sifa yake. Matokeo yake ni kwamba nchi hiyo, ambayo imejaa mitambo ya upepo na jua, huagiza vyeti vingi kutoka nje ili kuwatosheleza wateja wanaotaka mikataba ya kijani.

Je, cheti hujenga mtambo mpya?

Baada ya swali la ukweli wa hesabu, linafuata swali zito zaidi: Cheti kinabadilisha nini? Bwawa lililojengwa Norway miaka ya 1960 lingeendelea kuzalisha umeme hata kama hakuna cheti kimoja kilichobuniwa. Pesa ya ziada inayomfikia mwenye bwawa hilo humnufaisha, lakini si lazima ijenge bwawa jingine au kuzima tanuri lolote la makaa.

Bei husaidia kulieleza jambo hilo. Kwa miaka mingi, cheti cha kawaida Ulaya kiliuzwa kwa chini ya euro moja. Mwishoni mwa mwaka 2022 bei ilipanda hadi kufikia takriban euro 10, kisha ikashuka tena katika miaka iliyofuata. Kiwanda kinachotumia megawati-saa 10,000 kwa mwaka, vyeti vikiwa euro moja, kinaweza kujiita cha kijani kwa euro 10,000 tu. Kwa kiwanda cha ukubwa huo, hicho ni kiasi kidogo mno kuweza kumshawishi mwekezaji ajenge mtambo wa upepo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la kisayansi la Nature Climate Change ulichunguza kampuni 115 zilizojiwekea malengo ya kupunguza hewa ukaa. Katika hesabu zilizojumuisha vyeti, hewa ukaa iliyotokana na umeme waliotumia ilionekana kupungua kwa takriban asilimia 31 kati ya mwaka 2015 na 2019. Hesabu hizo zilipofanywa kwa kuangalia gridi walizotumia hasa, upungufu ulikuwa takriban asilimia 10. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kiini cha malalamiko ya wakosoaji.

Kwa sababu hiyo, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu hewa ukaa uitwao GHG Protocol, katika toleo lake la mwaka 2015 kuhusu umeme, unazitaka kampuni zinazotumia vyeti zitoe namba mbili bega kwa bega: moja ikionyesha hali ya gridi ya mahali zilipo, nyingine ikizingatia mikataba na vyeti. Msomaji makini wa ripoti za kampuni huanza kwa kuzitafuta namba hizo zote mbili. Kampuni inayotaja moja tu, tena ile ndogo, inastahili kuulizwa nyingine iko wapi.

Watetezi wa mfumo nao wana hoja. Wanasema cheti hakikubuniwa kuwa ruzuku bali kuwa uthibitisho, na kwamba bila hicho kila kampuni ingejitangaza inavyopenda. Wanaongeza kwamba kampuni inayosaini mkataba wa miaka 10 au 15 na mwenye mtambo mpya, na kupokea umeme pamoja na vyeti vyake, humpa mwekezaji uhakika anaoweza kuupeleka benki kuombea mkopo. Hapo cheti huwa muhuri wa uwekezaji wa kweli. Tofauti, kwa maneno mengine, haimo ndani ya cheti chenyewe bali katika mkataba unaoandamana nacho.

Kasoro nyingine ni ya saa. Katika mfumo wa kawaida, cheti cha umeme wa jua uliozalishwa mchana wa Juni kinaweza kufutwa kwa ajili ya taa zilizowaka usiku wa Desemba. Katika daftari la mwaka mzima hesabu inakubali, ingawa usiku ule umeme ulitoka kwingine. Kampuni ya Google, ambayo ilitangaza kwamba tangu mwaka 2017 manunuzi yake ya nishati jadidifu yanalingana na matumizi yake yote ya mwaka, ilikiri upungufu huo mwaka 2020 ilipojiwekea lengo jipya la kulinganisha saa kwa saa ifikapo mwaka 2030. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2023 kuhusu haidrojeni jadidifu nazo zinataka ulinganisho wa saa kwa saa kuanzia mwaka 2030.

Kutoka Goma hadi Rufiji

Nje ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mfumo uliosambaa zaidi ni ule ujulikanao kama I-REC, ambao katika Afrika umefika nchi kama Afrika Kusini, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nao hutoa cheti kimoja kwa kila megawati-saa, na sharti lake la msingi ni lile lile: uniti moja, daftari moja, dai moja.

Mashariki mwa Kongo cheti kilionyesha uso mwingine. Mwaka 2020, mjini Goma, kampuni ya Nuru ilikuwa na mtambo wa jua wenye uwezo wa megawati 1.3. Shirika la Energy Peace Partners lilikuwa limebuni alama ya pekee inayobandikwa kwenye vyeti vya umeme uliozalishwa katika maeneo yaliyoathiriwa na vita, na kampuni ya Microsoft ya Marekani ikawa ya kwanza kuvinunua kutoka mtambo huo. Fedha zake ziligharimia taa za barabarani katika mtaa wa Ndosho. Hapo mnunuzi alijua anamlipa nani, na wakazi waliona kilichobadilika.

Goma inaonyesha kwamba cheti kinaweza kufanya kazi yenye manufaa pale ambapo mtambo ni mpya, fedha ni haba na mnunuzi yuko tayari kulipa zaidi ya bei ya chini kabisa. Inaonyesha pia mipaka yake, kwani cheti peke yake hakileti usalama wala hakijengi gridi.

Zipo sifa ambazo cheti hakizitaji kabisa. Shamba la upepo la Ziwa Turkana nchini Kenya, lenye mapangaboi 365 na uwezo wa megawati 310, lilizinduliwa rasmi Julai 2019. Kila megawati-saa yake ni jadidifu bila ubishi. Lakini Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ilitamka kwamba hati za ardhi ya ekari 150,000 ambako mradi huo upo zilipatikana kinyume cha utaratibu, baada ya wananchi wa eneo hilo kulalamika. Cheti hueleza upepo. Hakielezi ardhi ilipatikanaje. Vivyo hivyo, cheti cha maji ya Rufiji kisingesema lolote kuhusu mjadala wa mazingira uliouandama mradi huo tangu ulipoanza.

Kwa Tanzania na Kenya, somo la Norway ndilo lenye maana kubwa. Viwanda vya ukanda huu vinavyouza nguo, maua, kahawa au chai ng'ambo vinazidi kukabiliwa na wanunuzi wanaotaka kujua bidhaa imetumia umeme wa aina gani. Kiwanda kilicho katika gridi yenye maji na jotoardhi kwa wingi kina jibu zuri la kutoa. Lakini endapo vyeti vya mabwawa na visima vya mvuke vitauzwa vyote kwa kampuni za ng'ambo, kiwanda hicho, ambacho kimekuwa kikitumia umeme huo huo kila siku, kinaweza kujikuta kinalazimika kununua cheti ili kithibitishe kile ambacho jiografia ilikwisha kukipa.

Hiyo haimaanishi kwamba kuuza ni kosa. Fedha za kigeni zinahitajika, na shirika la umeme lenye madeni lina sababu ya kutafuta kila senti. Kinachotakiwa ni uamuzi uliofanywa kwa macho mawili: ni kiasi gani kiuzwe nje, kiasi gani kibaki kwa viwanda vya ndani, mapato yaende kujenga mitambo mipya na kupeleka nyaya vijijini au yaishie katika matumizi ya kawaida, na nani mwenye mamlaka ya kulitunza daftari. Maamuzi hayo yakiachwa yafanywe na kila mwenye mtambo kivyake, nchi inaweza kuja kugundua kwamba imeuza haki yake ya kujitangaza kabla haijaanza kuitumia.

Kwa mwananchi wa kawaida na mwandishi anayepokea taarifa ya kampuni inayojisifu kwa umeme wa kijani, maswali ya kuuliza si mengi. Vyeti vimefutwa kwa jina la nani? Mtambo uko wapi, na ulijengwa lini? Umeme ulizalishwa saa na msimu upi? Kama kuna mkataba wa muda mrefu, ulisaidia kujengwa kwa kitu ambacho kisingekuwapo? Na ikiwa hesabu itafanywa kwa gridi ya mahali kampuni ilipo, namba inakuwa ngapi?

Kampuni yenye majibu ya maswali hayo itayatoa bila shida, kwani yote yamo katika daftari. Isiyo na majibu itaendelea kubandika picha za majani mabichi kwenye matangazo yake, nayo mita zitaendelea kusoma uniti zile zile, kutoka katika gridi ile ile.